Mafahali Wawili na Zizi Moja

Yapo maneno ambayo watu huyakubali kwa sababu tu yamesemwa mara nyingi. Miongoni mwake ni haya wanayoyahubiri mafundi wengi wa kompyuta, kwamba mashine nzuri ni ile yenye kila kitu kipya, na yenye kimoja tu cha kila aina. Ukiwauliza sababu, hukujibu kwa methali kana kwamba methali ni ushahidi: mafahali wawili hawakai zizi moja. Mimi nasema kwamba katika jambo la kompaila, maneno hayo ni upotofu, na upotofu huo umekwisha kuwaumiza watu ambao hawajui hata kompaila ni kitu gani. Nitazitoa hoja zangu moja baada ya nyingine, na msomaji ndiye atakayeamua.

Kwanza hapana budi nieleze kompaila ni nini, maana kitabu hiki sikukiandika kwa ajili ya mafundi peke yao. Mtu anayetunga programu huiandika kwa lugha ambayo binadamu anaweza kuisoma, kama vile C au C++. Maandishi hayo huitwa msimbo. Kompyuta yenyewe haiielewi lugha hiyo hata kidogo. Inachojua ni tarakimu. Kompaila ndiyo mkalimani. Hutwaa msimbo wa mtungaji na kuugeuza kuwa amri ambazo mashine inaweza kuzitekeleza. Katika kompyuta zinazotumia mfumo wa Linux, mkalimani anayejulikana zaidi ni GCC, ambayo Richard Stallman wa Marekani aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1987, miaka minne kabla ya Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, kuianza Linux yenyewe mwaka 1991.

Mkalimani huyu hakai vile vile alivyokuwa. Tangu toleo la 5 la mwaka 2015, kila mwaka limetoka toleo lenye namba mpya, hata tukafika la 15 mwaka 2025. Kila toleo huleta manufaa yake. Lakini kila toleo pia hubadili kidogo sheria za kile kinachokubaliwa na kile kinachokataliwa. Toleo la 10, la mwaka 2020, lilianza kukataa tabia iliyovumiliwa miaka mingi, ya kutangaza kigeu kimoja katika faili kadhaa bila kusema ni wapi kilipo cha asili. Toleo la 14, la mwaka 2024, lilianza kuhesabu kuwa ni kosa kuiita funksheni ambayo haijatangazwa, jambo ambalo zamani lilipewa onyo tu na kazi ikaendelea. Toleo la 15 nalo limehamia kanuni za lugha ya C za mwaka 2023.

Siyapingi mabadiliko hayo. Nimefundisha maisha yangu yote, na najua kwamba mwalimu anayevumilia makosa ya sarufi hamsaidii mwanafunzi wake. Ninachokipinga ni kitu kingine kabisa: kulileta jipya na siku hiyo hiyo kulitupa la zamani, kabla hujajua ni nani bado analitegemea.

Sisi walimu tulilijua jambo hili zamani. Muhtasari wa somo unapobadilishwa, mwanachuo aliyeanza kwa muhtasari wa zamani humaliza kwa huo wa zamani na kutahiniwa kwa huo. Anayeanza sasa huanza na mpya. Kwa muda wa miaka miwili au mitatu mihtasari yote miwili hukaa katika rafu moja ya ofisi ya taaluma, na hakuna mkuu wa chuo mwenye akili timamu anayeuchoma ule wa kwanza siku unapowasili wa pili. Kinachotakiwa ni kitu kimoja tu, yaani kila karatasi ya mtihani iandikwe juu yake kwamba ni ya muhtasari upi. Ikiandikwa hivyo, hakuna ugomvi. Isipoandikwa, hata muhtasari mmoja huleta vurugu.

Sasa nieleze madhara yaliyotokea, ili nisionekane kwamba nabishana na kivuli. Chuo kimoja cha ualimu, ambacho sitakitaja, kilikuwa na programu ndogo ya C iliyotungwa zaidi ya miaka ishirini iliyopita na mkufunzi wake wa hisabati. Kazi yake ilikuwa kusoma mafaili ya alama za wanachuo wa miaka iliyopita na kuchapisha hati za matokeo. Kompyuta yake ilipochakaa, chuo kiliajiri fundi. Fundi akaleta mashine yenye Ubuntu 22.04, akahamisha alama pamoja na msimbo, kisha akaifuta kabisa ile mashine kongwe. Alipojaribu kuijenga programu upya, kompaila ya mashine mpya, toleo la 11, ilikataa. Ikasema kwamba vigeu fulani vimetangazwa zaidi ya mara moja. Fundi akaandika taarifa kwamba programu imekufa na kwamba inunuliwe nyingine. Fedha za kununua nyingine hazikuwapo.

Kwa miezi saba hakuna hati iliyotoka pale. Miongoni mwa waliokuwa wakisubiri alikuwa mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, aliyetakiwa na mwajiri wake kupeleka hati yake ya matokeo ili afikiriwe kupandishwa daraja kabla ya kustaafu. Alisafiri kwa basi mara tatu kuifuata. Mara tatu akaambiwa kompyuta mbovu. Tarehe yake ya kustaafu ikafika, akaondoka kazini na daraja lile lile, na kila msomaji aliyewahi kuajiriwa serikalini anajua kwamba pensheni hutokana na mshahara. Hati yake ilipatikana baadaye. Daraja halikupatikana.

Nilipoitwa kuitazama mashine hiyo, kazi ilichukua asubuhi moja. Katika ghala la vifurushi la Ubuntu 22.04 lenyewe kuna kompaila ya toleo la 9, imewekwa pale kwa ajili ya watu wenye shida kama hii. Niliiagiza kwa amri ya kawaida ya kuongeza kifurushi, ikakaa kando ya toleo la 11 bila kuondoa kitu chochote. Kisha katika folda ya programu ile niliandika make CC=gcc-9, yaani jenga, na mkalimani wako awe huyu. Ikajengwa. Hati ya kwanza ikachapishwa kabla ya saa sita mchana. Ingewezekana hata kuiambia kompaila mpya ivumilie tabia ile ya kale, kwa kuongeza neno -fcommon. Njia zilikuwapo mbili, na zote mbili hazikugharimu hata senti moja.

Fundi yule alikuwapo. Ni kijana mwenye adabu. Alinisalimu shikamoo, nami nikamwitikia. Nilimwuliza kwa nini hakuliweka toleo la zamani kando ya jipya.

"Mwalimu, zingegombana," akasema.

"Umewahi kuziona zikigombana?"

"Hapana, Mwalimu. Ndivyo tulivyoambiwa."

Basi hapo ndipo lilipo tatizo. Ndivyo walivyoambiwa. Tuzichukue hoja zao tuzipime.

Hoja ya kwanza ni hiyo ya mafahali. Wanasema kompaila mbili katika mashine moja zitagombana. Lakini ukifungua folda ya /usr/bin katika Debian au Ubuntu utaona kwamba kila toleo lina jina lake kamili: gcc-9, gcc-11, gcc-12. Kila moja lina folda yake ya vifaa vyake vya ndani, yenye namba yake. Hakuna anayeingia chumba cha mwenzake. Lile jina tupu la gcc, bila namba, si kompaila. Ni kiungo tu kinachoelekeza kwenye toleo ambalo watengenezaji wa mfumo wamelichagua kuwa la kawaida. Ng'ombe hawa wamefungwa kamba, kila mmoja na mti wake.

Tena watengenezaji wa mifumo wenyewe wanazihitaji mbili. Ubuntu 22.04 ilitoka na toleo la 11 kama kompaila ya kawaida. Baadaye watumiaji wake waliletewa kerneli ya 6.5, yaani moyo mpya wa mfumo, na kerneli hiyo ilikuwa imejengwa kwa toleo la 12. Mwenye kifaa kilichohitaji kipande cha ziada cha kerneli, kama vile kadi fulani za picha, alikuta kipande hicho hakijengeki kwa toleo la 11, kwa kuwa kerneli ilidai jambo ambalo toleo hilo halilijui. Dawa ilikuwa kuweka toleo la 12 kando ya la 11. Na kabla ya hapo, mwaka 2000, Red Hat Linux 7.0 ilitolewa na kompaila iliyopewa namba 2.96, namba ambayo wenye GCC hawakuwahi kuitoa rasmi. Kwa kuwa haikuaminika kwa kujengea kerneli, katika sanduku lile lile iliwekwa kompaila ya pili, ya zamani zaidi, ikaitwa kgcc. Ikiwa wakubwa wanafuga mafahali wawili, kwa nini sisi wadogo tukatazwe?

Hata hivyo, haki ni haki. Upo mahali ambapo ugomvi ni wa kweli, na asiyeujua ataniona mwongo. Katika lugha ya C++, vipande vya programu vilivyojengwa na kompaila tofauti si lazima vielewane vikiunganishwa. Toleo la 5 la mwaka 2015 lilibadili umbo la ndani la kitu kinachohifadhi maneno, na vipande vya umbo la kale vikashindwa kuungana na vya umbo jipya, hata Debian na Ubuntu zikalazimika kujenga upya vifurushi vingi. Vilevile, programu ya C++ iliyojengwa kwa kompaila mpya aghalabu hukataa kuanza katika mashine yenye maktaba za zamani, ingawa iliyojengwa kwa kompaila ya zamani kwa kawaida huendelea vizuri katika mashine mpya. Jambo hili linazihusu sana shule zetu zinazopokea kompyuta za msaada zenye umri mbalimbali. Lakini tazama linathibitisha nini. Halithibitishi kwamba uwe na kompaila moja. Linathibitisha kwamba programu moja ijengwe yote kwa kompaila moja, na kwamba anayetaka kuihudumia shule yenye mashine kongwe anaihitaji kompaila kongwe zaidi kuliko mtu yeyote.

Hoja ya pili ina uzito. Wanasema, ikiwa msimbo una kosa, urekebisheni msimbo, msifuge kompaila ya kale kama mtu anayeficha ugonjwa. Nakubali kwamba msimbo urekebishwe. Kwa hakika ile programu ya chuo niliirekebisha kabla sijaondoka: vigeu vikatangazwa katika faili moja, na kwingine kote vikawekewa neno extern, ili ijulikane kwamba asili yake iko mahali pengine. Toleo la 11 likaikubali bila kunung'unika. Lakini nilijuaje kwamba sikuharibu kitu? Nilijua kwa kuwa nilikuwa na programu mbili, moja iliyojengwa kwa toleo la 9 kutokana na msimbo wa awali, na nyingine iliyojengwa kwa toleo la 11 kutokana na msimbo uliorekebishwa. Nilichapisha hati zile zile kwa zote mbili na kuzilinganisha, alama kwa alama. Kompaila ya zamani ndiyo iliyokuwa shahidi. Anayemfukuza shahidi kabla ya kesi kusikilizwa hawezi kudai kwamba anatafuta haki. Hati ya matokeo yenye alama moja iliyokosewa ni mbaya kuliko hati isiyokuwapo, maana isiyokuwapo hutafutwa, na iliyokosewa huaminiwa.

Hoja ya tatu hutolewa na vijana waliosoma zaidi. Wao husema kwamba siku hizi mtu hahitaji kuweka matoleo mengi, bali huufungasha mfumo mzima wa zamani ndani ya kontena na kuutumia humo. Ni njia nzuri, nami naiheshimu. Lakini anayefanya hivyo amekwisha kukubali hoja yangu, kwa kuwa yeye hakutunza kompaila ya zamani peke yake. Ametunza nyumba yake yote. Na pale ambapo mtandao hulipiwa kwa megabaiti, kupakua kifurushi kimoja ni nafuu kuliko kupakua nyumba nzima.

Wapo pia wanaolalamikia nafasi katika diski. Vifurushi vya toleo moja la kompaila huchukua nafasi ndogo kuliko filamu moja. Sijamwona bado fundi akifuta filamu zake ili kuokoa nafasi.

Baada ya kuwajibu wanaokataza, nina neno kwa kundi la pili, ambalo huweka matoleo mengi lakini likayatumia vibaya. Hawa wakihitaji toleo la 9 kwa ajili ya programu moja, huugeuza mfumo mzima. Wengine hukifuta kile kiungo cha gcc na kuweka chao kwa mkono. Wengine hutumia amri ya update-alternatives, ambayo huweka orodha ya matoleo na kumwezesha mwenye mashine kuchagua lipi liitikie jina la gcc. Amri hiyo ni kifaa kizuri, na Debian huitumia kwa mambo mengi, lakini wasimamizi wa GCC katika Debian hawakuliweka jina la gcc chini yake. Waliliacha liwe la kifurushi maalumu. Walikuwa na sababu. Ukiligeuza jina hilo, umeligeuza kwa kila programu, kila mtumiaji, na kila kipande cha kerneli kitakachojengwa usiku mfumo unapojihuisha. Ni sawa na mkuu wa shule anayebadili ratiba ya shule nzima kwa kuwa darasa moja limechelewa kumaliza kipindi cha hisabati. Na mbaya zaidi, mwezi ukipita hukumbuki tena kwamba ulibadili.

Kwa hiyo natoa kanuni, na ninazitoa kama amri za chuo, kwa kuwa mabaya niliyoyaona hayakutokana na watu kukosa ushauri.

Kwanza, usiondoe kompaila katika mashine mpaka kila programu iliyojengwa nayo imejengwa kwa mpya na kupimwa dhidi ya ya zamani. Na usifute mashine kongwe kabla ya hapo.

Pili, jina tupu la gcc liachie mfumo. Wewe ita toleo kwa jina lake kamili, gcc-9 au gcc-12, na ukichagua moja kwa C, chagua mwenzake wa namba ile ile kwa C++.

Tatu, uchaguzi ufanyike katika folda ya programu, usifanyike katika mashine nzima. Ukiandika CC mbele ya make, faili ya maelekezo inaweza kukupuuza ikiwa imejitajia kompaila yake. Ukiandika baada ya make, hutiiwa. Na wale wanaotumia CMake wakumbuke kwamba chombo hicho hukariri kompaila siku ya kwanza. Ukitaka kubadili, anza na folda mpya ya ujenzi, maana ile ya zamani itaendelea kukumbuka mkalimani wa jana.

Nne, katika kila folda ya programu iwemo karatasi moja inayosema programu hii hujengwa kwa kompaila gani, toleo lipi, na kwa amri ipi. Mistari mitatu inatosha. Fundi yule angaliikuta mistari mitatu kama hiyo, mama yule angalipata hati yake safari ya kwanza.

Kanuni ya tano siwaambii mafundi. Nawaambia wakuu wa shule, wakuu wa vyuo, makatibu wa vyama vya ushirika na wote wanaoajiri mafundi. Msiseme kwamba mambo haya ni ya kitaalamu na hayawahusu. Mnapoajiri mwashi mnauliza nyumba ya zamani itabomolewa lini na watu watalala wapi siku hiyo. Ulizeni vivyo hivyo hapa. Andikeni katika mkataba kwamba hakuna kitakachofutwa kabla kazi zote za jana hazijafanyika kwenye mashine ya leo mbele ya macho yenu: hati ichapishwe, mshahara uhesabiwe, orodha itoke. Fundi atakayekataa sharti hilo, msimpe ufunguo wa ofisi.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na walisema pia usitupe mbachao kwa msala upitao. Vijana hupenda kuikumbuka ile ya mafahali na kuzisahau hizi mbili. Debian imebadili kompaila yake ya kawaida kila toleo tangu mwaka 2017: ya 6, kisha ya 8, ya 10, ya 12, na mwaka 2025 ya 14. Itaibadili tena. Programu za shule na vyuo vyetu hazina mtungaji wa kuzifuata mbio hizo kila baada ya miaka miwili; mara nyingi mtungaji amekwisha kuhama au kufariki, na kilichobaki ni msimbo wake tu. Ni wajibu wetu kuutunza pamoja na mkalimani anayeuelewa, mpaka atakapopatikana mwingine aliyethibitishwa kwamba anauelewa vile vile.